Nimekuja Kukusumbua

Juzi nilikwenda mtaa wa Najma kutafuta kitasa cha mlango, nikapita mbele ya duka la mikeka. Mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza anafungua mzigo mpya, anakata kamba kwa kisu cha jikoni, na harufu ya majani makavu ikamwagika mpaka barabarani. Nikasimama pale nje, watu wananipita kwa mabega, na magoti yangu yakaanza kuuma. Sitii chumvi. Yaliuma jinsi yalivyokuwa yakiuma nilipokuwa na miaka tisa, nimeyapiga juu ya mikeka ya mwalimu wangu, Sensei, kule mtaa wa Al Thumama, naomba ndege ipite na kelele zake ili nipate sababu ya kujisogeza kidogo.

Wenzangu mliolelewa huku ughaibuni na wazazi wa shifti mtanielewa haraka. Mama alikuwa muuguzi wa wodi, Baba msimamizi wa walinzi. Zamu zao hazikupatana hata kwa bahati mbaya. Mmoja akiingia, mwingine anatafuta soksi atoke, na katikati yao nilikuwa mimi, ufunguo shingoni chini ya shati la shule. Nilijua kuchemsha maziwa bila kuyamwaga, kujifungia ndani, na kutomfungulia mtu hata akiita kwa jina langu. Zaidi ya yote nilijua kukaa kimya, kwa sababu katika vyumba vyetu viwili vya ghorofa ya tatu daima kulikuwa na mtu aliyelala mchana.

Asubuhi moja ya likizo fupi, Mama alirudi kutoka kazini, akanikuta mezani na mkate wangu, akanibusu kichwani, akaingia bafuni na simu. Alikuwa akizungumza na Mama Mdogo, dada yake aliyebaki nyumbani, Webuye. Mlango wa bafu letu ulikuwa mwembamba, na mimi sikuwa mtoto wa kuziba masikio. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Huyu mtoto ananisumbua sana. Sijui nimlete tu huko." Sikungoja zaidi. Nilichukua mkate wangu nikaenda kuula chumbani, nikauma polepole ili usitoe sauti.

Siku chache baadaye ikaja fomu ya shule ya bweni ya huko Webuye, Mama akaichapisha kazini na kuibandika mlangoni pa friji. Ilikuwa na nafasi ya picha kwenye kona, tupu. Kila nilipofungua friji kutoa maziwa ile nafasi ilinitazama. Hakuna aliyenieleza lolote kuhusu fomu ile, nami sikuuliza, kwa kuwa kuuliza nako ni kusumbua.

Ndipo Mama akaniambia kwamba kila Jumanne na Alhamisi, nikitoka shule, nitakuwa nashuka kwa yule mama Mjapani wa ghorofa ya chini, nikajifunze adabu.

Yule mama alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akalazwa wodini kwa Mama, wakagundua kwamba wanaishi jengo moja. Mumewe alikuwa mhandisi wa gesi ambaye alionekana nyumbani mara chache kuliko Baba. Sebuleni kwake alifundisha watu wachache desturi za kwao: namna ya kumpokea mgeni, namna ya kuwa mgeni, namna ya kutoa chai na namna ya kuinywa. Tulimwita Sensei, yaani mwalimu. Mama, ambaye asingeweza kumwita mwanamke aliyemzidi umri bila heshima kamili, alimwita Mama Sensei, na kila alipoitwa hivyo yule bibi aliinamisha kichwa. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, changu cha shuleni. Hapa namwandika kwa Kiswahili, maana ndivyo anavyosikika kichwani mwangu siku hizi.

Leo najua Mama alinipeleka kule kwa sababu rahisi, kwamba Jumanne na Alhamisi hakukuwa na mtu wa kukaa nami. Lakini mwambie mtoto aliyesikia niliyoyasikia mimi kwamba anapelekwa kujifunza adabu, uone atakavyolielewa neno hilo.

Siku ya kwanza Sensei alinisimamisha nje ya mlango wake. Akasema kwao mgeni haingii tu. Kuna neno la kusema, kama hodi, ila si hodi. Akalitamka mara tatu, polepole: ojama shimasu. Nikalirudia. Nikamuuliza maana yake. Alifikiri kidogo, akiwa ameshika kile kifundo cha mkono kilichokuwa bado kimefungwa bendeji, kisha akasema, "Ni kama kumwambia mwenye nyumba, nimekuja kukusumbua."

Nilihisi masikio yanapata moto. Kumbe Mama amemwambia. Kumbe habari zangu zimeshuka ngazi kabla yangu. Nikainama jinsi alivyonionyesha, nikasema kwa Kijapani kwamba nimekuja kusumbua, na nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba naungama.

Basi nikaamua. Kama tatizo ni usumbufu, nitauondoa. Nitakuwa na adabu mpaka watu wasahau kama nipo, na fomu ile itaondoka yenyewe mlangoni pa friji. Sijawahi kusoma kwa bidii namna ile, hata chuo kikuu.

Darasa letu lilikuwa la watu wawili siku nyingi, mimi na Anti Mwende. Anti Mwende alikuwa mpokezi wa hoteli, akitokea Al Rayyan kwa basi, na alitaka kuwekwa upande wa wageni wa kutoka Japani. Alikuwa na kicheko kikubwa na magoti yasiyopenda kukunjwa. Juu ya vigae vya sebule Sensei alikuwa ametandika mikeka miwili minene aliyoletewa kwa meli, na hapo tulipiga magoti, makalio juu ya visigino, mgongo wima. Baada ya dakika kumi miguu haikuwa yetu tena. "Sensei, hizi magoti zangu zimeisha kabisa," Anti Mwende alimwambia siku moja kwa Kiswahili, na Sensei, asiyejua neno hata moja, akamwekea mto mdogo chini ya visigino bila kuuliza.

Nilijifunza kutoa na kupokea kwa mikono miwili, jambo ambalo bibi yangu alishanifunza, kwa hiyo hapo nilijiona bingwa. Nilijifunza kula kitamu kwanza, ndipo chai, na kuzungusha bakuli kidogo kabla ya kunywa ili nisiguse kwa midomo upande wake mzuri. Nilijifunza kufunga mlango kwa mikono yote miwili hadi usisikike. Ndege zilipita juu ya jengo letu kila mara, zikiutafuta uwanja, na zilipopita Sensei alikatiza sentensi katikati, akaweka mikono mapajani, akasubiri kelele iishe, kisha akaendelea na neno lilelile alipoliachia. Hakuwahi kupandisha sauti kushindana na ndege. Nilimwona kama mtu aliyefika kule ninakotaka kwenda.

Shida ilianza nilipopanda na elimu hii juu. Sensei alitufundisha kwamba mtu anapokaribishwa chakula hukataa kwanza kwa upole, mara moja, hata mbili, mwenyeji naye humbembeleza. Jioni hiyo Mama alipika kuku. Akaniwekea paja. Nikasema hapana, asante. Akanitazama. Akaniuliza tena, nikasema hapana, asante, nikiinamisha kichwa, nikingoja mara ya tatu. Mara ya tatu haikuja. Baba alilichukua lile paja akasema mtoto amekula shuleni, na Mama akainuka, akaleta kipimajoto, akanitia kwapani. Nililala na njaa na joto la kawaida kabisa.

Kisha viatu. Kwa Sensei, mgeni akivua viatu huvigeuza vielekee mlangoni, ili akitoka asihangaike. Nikavigeuza vya nyumba nzima. Baba akaamka kwenda kazini, akavikuta viatu vyake vimepangwa, pua zikitazama nje, akasimama hapo na shati halijafungwa vifungo. Akaita jikoni kumuuliza Mama kama kuna mtu anamfukuza katika nyumba anayoilipia. Mama akasema si yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejaa fahari, nikijiambia kwamba sasa wanaanza kuona mabadiliko.

Mabadiliko waliyaona kweli. Nilikuwa nimeacha kuimba. Nilitembea kwa ncha za vidole. Siku moja Mama aligeuka kutoka kwenye sinki akanikuta nimesimama nyuma yake, karibu adondoshe sufuria, akauliza nimefika saa ngapi. Nilikuwa nimefika zamani sana. Alinitazama kwa muda, mikono ikidondosha maji, na nikadhani ananistaajabia. Nakumbuka nilifurahi. Sasa nikiukumbuka uso ule naona alikuwa ameanza kuogopa.

Muhula ulipokaribia kuisha, Sensei alisema kila mmoja wetu atapokea mgeni wake mwenyewe pale sebuleni, kuanzia mlangoni hadi bakuli la mwisho, na yeye atakaa pembeni bila kusaidia. Anti Mwende alimleta msimamizi wake wa hoteli, mambo yakaenda vizuri isipokuwa kicheko kimoja. Mimi nilisema nitamwalika Mama. Niliamini kabisa kwamba huo ndio mtihani. Mama akija, akiona jinsi nilivyokuwa mtu asiyemsumbua yeyote, atarudi juu na kuichana fomu. Ningekosea, ningepanda ndege kwenda Webuye na vitu vyangu.

Nilijiandaa wiki nzima. Niliomba ruhusa ya kuchuma ua moja la bogenvilia ukutani, nikaliweka kwenye kikombe. Sensei aliniuliza mgeni wangu anapenda kitamu gani, maana kitamu ni cha mgeni, si cha mwenyeji. Nikasema mandazi. Nilidhani atakataa. Tulikaanga mandazi jikoni kwake, madogo ya kutosha mdomo mmoja, akachagua lililokuwa zuri kuliko yote na kuliweka peke yake juu ya karatasi nyeupe. Moyoni nilijua Mama hula manne.

Alhamisi hiyo Mama alipaswa kufika saa tisa. Saa tisa ikapita. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na mlango, maji yakichemka na kupoa na kuchemka tena. Sensei alikaa pembeni, Anti Mwende pia, amekuja kunishangilia. Ilipofika karibu saa kumi nikasikia ngazi, na viatu vya kazini vya Mama, vile vya mpira vinavyolia.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Anti Mwende alikuwa amemtumia Mama lile neno kwa simu, na maana yake, akimsisitiza kwamba nitalisubiri. Mama alilikariri ndani ya basi la hospitali njia nzima. Lakini zamu ilikuwa mbaya, walikuwa wamempoteza mgonjwa, na alipofika mlangoni Kijapani chote kilikuwa kimemtoka. Alisimama pale akiwa bado na sare, kitambulisho kikining'inia, akahema, akainama kama alivyoambiwa. Kisha, kwa sababu hakutaka kuniharibia, akasema kile alichokikumbuka.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kukusumbua."

Nilikuwa na jibu tayari. Lilikuwa neno moja dogo la kumkaribisha, nililokuwa nimelirudia mara mia mbele ya kioo. Halikutoka. Kusikia maneno yale kwa Kijapani lilikuwa jambo moja. Kuyasikia kwa Kiswahili, kwa sauti ya Mama, akiinama mbele yangu mimi, lilikuwa jambo jingine kabisa, na kitu nilichokuwa nimekibana kwa miezi kikaachia. Nikaanza kulia kwa sauti ambayo hata ndege isingeifunika.

"Wewe hunisumbui," nikamwambia. "Mimi ndiye ninayekusumbua. Nimejaribu kuacha."

Mama alikuja moja kwa moja. Alivuka kizingiti na kukanyaga mikeka ile na viatu vyake vya wodini, akapiga magoti mbele yangu na kunishika mabega. Nilisikia Anti Mwende akivuta pumzi. Mama akaniuliza nani aliniambia kwamba namsumbua. Nikasema ni yeye, alimwambia Mama Mdogo, bafuni, siku ile ya mkate. Aliitafuta siku hiyo kichwani mwake. Nikaona alipoipata.

"Kwani hukungoja nimalize?" akasema. "Nilisema unanisumbua akili. Nikiwa kazini nakuwaza uko peke yako na jiko, nikiwa kitandani nakuwaza, silali. Nilimwambia dada yangu nikikuleta huko nitakufa na nisipokuleta nitakufa. Wewe ulisikia hiyo ya kwanza ukaenda."

Nikamkumbusha kuhusu fomu. Akasema hajaijaza hata jina, mkono unakataa. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniuliza, nami sikujua kwamba watoto huulizwa. Akasema, "Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nataka kukaa kwetu," nikasema. "Hata kama hampo."

Alinivuta kifuani, kwenye ile harufu ya dawa ya kunawia mikono, akanishika hapo, na bakuli nililokuwa nimeliandaa likapinduka, unga wa chai wa kijani ukamwagika juu ya mkeka na juu ya sare yake. Ndege ikapita. Tulisubiri iishe, sote wanne, bila kupanga.

Nataka kusema jambo kuhusu Sensei hapa, maana nimelibeba miaka yote na sijalisema popote. Nyumbani kwake mtu alikuwa amekanyaga mikeka ile kwa viatu vya hospitali, kosa ambalo mwenyewe aliniambia kwao halisameheki kirahisi, na sasa kulikuwa na chai ya unga sakafuni. Yeye aliinamisha macho yake kwenye lile ua la bogenvilia na akabaki analitazama mpaka Mama alipogundua viatu vyake mwenyewe na kushika mdomo. Hata hapo Sensei hakuviangalia. Alisema tu kwamba maji bado yana moto. Yote aliyonifundisha kwa mdomo nimeyasahau nusu, lakini ile namna ya kutokuviona viatu vya mtu anayelia najaribu kuishi nayo mpaka leo, na siwezi kila siku.

Anti Mwende alimfasiria yaliyotokea. Sensei alisikiliza, akaweka mkono kinywani, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameaibika kweli. Akanigeukia akaniambia alinifundisha nusu tu, na kosa ni lake. Lile neno ni la mgeni. Huweza kulisema mfalme, huweza kulisema mtu mwenye adabu kuliko wote. Mtoto halisemi nyumbani kwao mwenyewe. Mtoto akifika kwao hana cha kuomba radhi, anasema tu kwamba amerudi, na aliye ndani anamwitikia. Akanifunza hayo maneno mawili ya Kijapani, na Mama akasema sisi pia tunayo, hatuhitaji kuyaagiza mbali. Tukacheka, Anti Mwende zaidi ya wote. Mama alilimeza lile andazi kwa mkupuo mmoja akauliza kama kuna mengine, na Sensei akaenda jikoni kuleta sahani nzima.

Sitaki mdhani kwamba mambo yalibadilika siku hiyo. Zamu zilibaki zamu. Kwa wiki kadhaa nilirudi kutoka shule nikapanda ngazi, nikafungua, nikasema "Nimerudi" kwa sauti kubwa, kama Sensei alivyoniagiza, na vyumba viwili vitupu vikanisikiliza. Nilijiona mjinga mwanzoni, kisha nikazoea. Nilianza hata kuimba tena, kwa kuwa mtu akishazungumza na kuta haoni haya tena. Sikujua kwamba wakati huohuo Mama alikuwa amekwenda kwa mkubwa wake kuomba aondolewe wodini, apelekwe kliniki ya asubuhi, mahali pa kupima watu presha na kujaza kadi. Aliipenda wodi ile, na alikuwa anakaribia kuwa kiongozi wake. Jambo hilo aliniambia nikiwa mtu mzima, tena kwa kupitia tu, tukiwa tunachambua mboga.

Jumapili moja, ambayo huku ni siku ya shule, basi la shule lilinishusha, dereva akasema yalla, yaani haya fanya haraka, nikapanda ngazi mbili mbili, mkoba ukinigonga mgongoni. Nikafungua mlango, nikavua viatu nikavitupa huko, nikapaza sauti kwa nyumba niliyojua haina mtu.

"Nimerudi!"

"Na ufunge mlango basi," Mama akajibu kutoka jikoni. "Ama hiyo AC tumewawashia majirani?"

Nikaufunga, nami niko ndani.